Kunawa mikono kunahitaji maji, na maji hapa Huruma hununuliwa kwa mtungi

Fundi wa Huruma (mwanzilishi wa mjadala), Jumamosi, 28 Machi 2020

Hamjambo nyote. Jana ulikuwa usiku wa kwanza wa kafyu, ile amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na leo asubuhi nimeamua kuandika kwa sababu tangu juzi nasoma watu wakisema kwamba sisi wakazi wa mitaa ya hali ya chini hapa Nairobi, yaani Mathare, Kibera, Mukuru na Kawangware, ni wakaidi, kwamba hatusikii tunaloambiwa, na kwamba korona ikienea jijini lawama itakuwa yetu. Mimi ni fundi cherehani. Naishi Huruma pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu katika chumba kimoja, ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye milango 46. Sikuja kugombana na mtu. Nataka kueleza jinsi majuma haya mawili yalivyopita mlangoni pangu, ili anayetuhukumu atuhukumu akijua.

Ijumaa ya tarehe 13, wakati Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, alipotangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana nchini, mwanamke Mkenya aliyerejea kutoka Marekani kupitia London, nilikuwa kibandani nikishona sketi za shule. Redio ya jirani yangu anayeshona viatu ilikuwa imefunguliwa kwa sauti ya juu. Mteja mmoja alisema kuwa huo ni ugonjwa wa wanaopanda ndege, nasi sote tuliokuwa pale tukaitikia. Hilo nalikiri. Jumapili Rais akatangaza shule zifungwe: za kutwa kuanzia Jumatatu, za bweni kufikia Jumatano, na vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Kwa wengi habari hiyo ilihusu masomo ya watoto, lakini kwangu ilihusu pia sufuria, kwa kuwa mimi huishi kwa sare. Nilikuwa nimekwisha kukata vitambaa vya sketi 60 za zambarau kwa ajili ya muhula wa pili. Kufikia Jumanne jioni oda hiyo ilikuwa imesitishwa, na kitambaa cha shule moja hakiuziki kwa shule nyingine.

Sasa nije kwenye maji, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike. Tumeambiwa tunawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, tena mara kwa mara. Ni ushauri mzuri na sijamsikia mtu yeyote katika jengo letu akiupinga. Hata hivyo maji ya jiji hili hutoka kwa kiasi kikubwa bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na tangu mwaka 2017 tunaishi kwa mgao. Mfereji ulio chini ya jengo letu hutoa maji siku mbili kwa juma, na pengine hutoa usiku wa manane. Siku nyingine tunanunua. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 5 ukiufuata mwenyewe kwenye tangi, na ni shilingi 20 ukiletwa kwa mkokoteni wakati wa uhaba, kisha unaongeza shilingi 10 za kijana wa kukupandishia ngazi. Nilikaa na binti yangu wa darasa la sita tukapiga hesabu. Watu watano, kila mmoja akinawa mara nane kwa siku, na kila kunawa kukitumia nusu lita, ni lita 20. Huo ni mtungi mzima unaoongezeka kila siku juu ya ile miwili ya kupikia, kuoga na kufulia. Katika siku mbaya, kunawa mikono peke yake kunatugharimu shilingi 30, bila sabuni. Kwa fedha hizo, hapa mtaani mtu hupika mboga ya jioni.

Tunaambiwa pia tukae mbali na wenzetu. Sensa ya mwaka jana ilihesabu karibu watu 69,000 kwa kila kilomita moja ya mraba katika kaunti ndogo ya Mathare, ambamo mna mtaa wetu huu. Choo chetu ni kimoja kwa milango minane. Ngazi ni nyembamba kiasi kwamba anayepanda na mtungi humngoja anayeshuka ajibanze ukutani. Mtu akiugua humu ndani, sijui tutamtenga chumba kipi.

Na kuhusu kafyu yenyewe, nawaomba wanaoishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi wafikirie saa. Mama mboga, mchoma mahindi, mkaanga samaki, mpika chapati, wote hawa huuza kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, wakati watu wanaporudi kutoka vibarua na fedha za siku mfukoni. Hatununui chakula cha mwezi huku. Tunanunua kwa kadogo: mafuta ya kupima ya shilingi 20, sukari ya 10, unga nusu kilo. Mke wangu huuza mandazi na chai kwenye steji ya magari. Jana saa kumi jioni alikuwa amekwisha kufunga, na karibu nusu ya karai lilirudi nyumbani. Watoto walifurahi. Sisi wawili tulitazamana.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Kati ya mambo tuliyoagizwa, ni lipi ambalo tumekataa, na ni lipi ambalo tumeshindwa kulilipia?

Mkazi wa South B, Jumapili, 29 Machi 2020

Ndugu fundi, pole kwa oda yako, na nimesoma maneno yako yote. Hata hivyo niruhusu niseme upande wangu. Jana Italia ilivuka vifo 10,000, nchi yenye vitanda vingi vya wagonjwa mahututi kuliko sisi kwa mbali. Sisi tumempoteza mtu wa kwanza Alhamisi, mzee wa miaka 66. Waziri ametuonya kwamba tukiendelea kuishi kama kawaida, ugonjwa huu hautatutendea kwa namna ya kawaida, na mimi naamini hivyo. Nina mama wa miaka 71 ninayeishi naye, mwenye kisukari. Ninapotazama runinga nikaona soko limejaa watu wakisukumana, siulizi ni masikini au ni matajiri. Ninamwona mama yangu. Si chuki, ni hofu. Naomba tu tusiifanye hesabu ya mtungi kuwa ruhusa ya kupuuza.

Muuguzi, Eastlands, Jumapili, 29 Machi 2020

Nawasalimu nyote wawili. Nafanya kazi katika hospitali ya umma, na nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo nitaandika yale ninayoulizwa kila siku kisha nikalale.

Fundi, hesabu yako ni sahihi, lakini unaweza kuipunguza. Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Kinachofanya kazi ni sabuni na kule kusugua, hasa katikati ya vidole, kwenye kucha na nyuma ya viganja. Maji ni ya kulowesha na ya kuondolea povu, kwa hiyo mtu hana haja ya kuyaacha yakimwagika wakati anaposugua. Tengenezeni kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa, likaning'inizwa kwa kijiti, na kamba ya kukanyaga kwa mguu ili mkono usiliguse. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha kabisa. Msijinyime chakula ili mnunue vitakasa mikono, ambavyo bei yake imepanda bila haya tangu katikati ya mwezi. Na nyakati za lazima ni chache kuliko mnavyodhani: unapoingia nyumbani, kabla ya kula au kupika, baada ya choo, na baada ya kukohoa au kupenga kamasi.

Pili, chai ya strungi haizuii korona. Mnajua ninachozungumzia. Usiku ule simu zililia mji mzima, jamaa wa mashambani wakituamsha tunywe chai ya rangi isiyo na sukari kabla jua halijachomoza kwa kuwa mtoto mchanga ametabiri. Hata mama yangu mzazi alinipigia, mimi muuguzi. Nilikunywa ili atulie, lakini nawaambia ninyi ukweli. Si kweli pia kwamba Mwafrika haambukizwi. Ukipata homa, kikohozi kikavu au ugumu wa kupumua, piga 719 kabla ya kupanda matatu kwenda hospitalini.

Na wewe ndugu wa South B, mlinde mama, una haki ya kuogopa. Ila naomba ujue kwamba mama fua, mlinzi wa lango lenu na kijana anayewaletea mboga hulala Huruma na Mukuru. Mtungi wa fundi unamhusu mama yako moja kwa moja.

Utingo wa Thika Road, Jumatatu, 30 Machi 2020

Mmesahau magari ya matatu. Tangu tulipoamriwa, gari la abiria 14 hubeba 8, la 25 hubeba 15, na makubwa zaidi ya hapo hubeba asilimia 60. Mafuta ni yale yale, na mwenye gari anataka hesabu yake ya jioni, labda apunguze kidogo akiwa mtu wa huruma. Ndiyo maana nauli ya 50 imekuwa 100. Abiria wananitukana mimi, nami siwalaumu. Lakini tazameni jambo moja ambalo sidhani aliyepanga kafyu aliliona: zamani watu waliondoka mjini kuanzia saa kumi hadi saa tatu usiku, kidogo kidogo. Sasa wote wanataka gari saa kumi, na magari yanabeba nusu. Njoo uone steji saa kumi na moja jioni. Umbali wa mita moja na nusu uko garini. Chini pale watu wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Anayekosa gari anatembea, na giza likimkuta barabarani anakutana na rungu.

Fundi wa Huruma, Alhamisi, 2 Aprili 2020

Asante sana dada muuguzi, Mungu akupe nguvu. Kibuyu chirizi kipo tayari. Nimekifunga chini ya ngazi mahali ambapo kila anayeingia lazima apite, na sabuni nimeitia ndani ya soksi ya nailoni kisha nikaifunga kwa uzi wa cherehani, kwa sababu ile ya kwanza haikumaliza saa mbili kabla ya kupotea. Watoto wameugeuza mchezo wa kukanyaga kamba kuwa burudani, nasi tumelazimika kuweka mtu mzima wa kuwasimamia ili maji yasimalizike kwa kuchezewa.

Sikuandika tangu Jumamosi kwa sababu moyo ulikuwa mzito. Jumatatu usiku, Kiamaiko, mwendo wa dakika chache kutoka hapa, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya kwao, polisi walipokuwa chini wakitekeleza kafyu. Hakuwa nje. Alikuwa nyumbani, kama tulivyoagizwa sote. Jana Rais aliwaomba Wakenya radhi kwa mabavu yaliyotumika katika siku za kwanza, na ni vyema kwamba aliomba. Lakini ndugu yangu wa South B, uliandika kuhusu hofu, na naomba nikueleze ya huku ilivyo sasa. Mwanangu mkubwa ana miaka 13. Mlango wetu unafunguka kwenye roshani ndefu inayotazama barabara, na huko ndiko tunakopikia jiko la makaa, kwa sababu ndani hakuna hewa. Tangu Jumatatu, ikifika saa moja tunaingiza jiko ndani ya chumba, tunafunga mlango, na tunaliacha dirisha wazi kidogo ili moshi usituue. Ugonjwa tunaoambiwa tuuogope unashambulia mapafu.

Jambo la pili ni la kazi. Nimeanza kushona barakoa. Nilitaka kutumia vile vitambaa vya zambarau. Dada muuguzi, ni vya poliesta nzito. Je, vinafaa?

Muuguzi, Eastlands, Ijumaa, 3 Aprili 2020

Havifai sana, fundi, samahani. Mtu hawezi kuvuta pumzi vizuri ndani yake, na asipoweza kupumua ataishusha kidevuni, kisha inakuwa pambo. Tumia pamba iliyofumwa kwa kubana, tabaka mbili au zaidi, ifunike pua mpaka chini ya kidevu. Mshauri kila mteja awe na mbili, moja avae na nyingine aifue kwa sabuni na kuianika juani. Anayeivua aishike kwa kamba, asiguse mbele. Na tafadhali usiruhusu watu wajaribu na kurudisha. Nimeona kando ya barabara rundo la barakoa, mtu anavaa hii anajitazama kwenye kioo, anairudisha, anachukua nyingine, na mwingine nyuma yake anaivaa ile ile. Nilisimama pale nikakosa la kusema.

Mama wa Kawangware, Jumanne, 7 Aprili 2020

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Mimi hufua nguo na kusafisha nyumba. Kila asubuhi tulikuwa tukikaa kando ya barabara kule Kileleshwa, kina mama kama 30, tukingoja mtu mwenye kazi asimamishe gari. Tangu katikati ya Machi hakuna anayesimama. Siwalaumu, wanaogopa kumwingiza mtu wasiyemjua nyumbani mwao, nami pia naogopa kuingia kwao, maana ndio wanaosafiri. Mmoja tu, niliyemfanyia kazi miaka minne, hunitumia shilingi 500 kila Ijumaa kwa simu ingawa nimeketi nyumbani. Namwombea kila siku. Kutuma fedha zisizozidi 1,000 kumefanywa bure na hilo limetusaidia, kwa sababu hata mama mboga sasa hupokea malipo ya shilingi 40 kwa simu na noti haipiti mikononi. Kuzitoa kwa wakala ndiko bado kunakatwa.

Linaloniumiza leo ni jingine. Shule zilipofungwa niliwapeleka watoto wangu wawili kwa mama yangu, Butere, tarehe 17 Machi. Stendi ya Machakos, ile ya hapa Nairobi, ilijaa kama ya Krismasi. Nilidhani nimefanya busara: kule kuna nafasi, kuna maji ya chemchemi, kuna viazi vitamu. Kisha nikasikia kwamba wazee ndio wanaouawa zaidi na ugonjwa huu, na kwamba sisi tuliotoka Nairobi tunaweza kuubeba bila kujua. Siku 14 nilizihesabu kwa vidole, kila jioni nikipiga simu kumuuliza mama kama anakohoa. Hakukohoa, namshukuru Mungu. Nilipanga kuwafuata baada ya Pasaka. Jana jioni Rais amefunga jiji kwa siku 21: hakuna kutoka wala kuingia, kutoka Rironi mpaka Athi River, kutoka daraja la Chania mpaka Kiserian. Mwanangu mdogo ana miaka mitano, na amezoea kulala akinishika sikio. Mama ananiambia sasa anamshika yeye.

Jamani, kodi ya nyumba ilikuwa juzi tarehe 5. Ninyi mlilipa na nini?

Fundi wa Huruma, Jumamosi, 11 Aprili 2020

Mama wa Kawangware, pole sana, dada yangu. Nimemsomea mke wangu maneno yako juu ya huyo mdogo na sikio, na hakuweza kuendelea kukanda unga.

Juu ya kodi ya nyumba: tulilipa nusu. Tulimwendea karetaka, msimamizi wa jengo, tukiwa watu watano tu, tukiwa tumepeana nafasi, tukamwomba ampigie mwenye nyumba mbele yetu. Hatukuomba kusamehewa. Tuliomba muda, na tukamwambia idadi ya milango ambayo wenyewe wamepoteza kazi kabisa. Alikuwa mkali mwanzoni, kisha akauliza ni milango mingapi. Tulikuwa na jibu, 31 kati ya 46, na nadhani lile jibu ndilo lililomlainisha. Jaribuni hivyo, nendeni na hesabu. Nafuu za kodi ya mapato zilizotangazwa Machi zina maana kwa mwenye hati ya mshahara. Anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi hakatwi tena kodi hiyo, na nafurahi kwa ajili yake. Katika milango yetu 46, wenye hati ya mshahara ni wanne.

Jana, Ijumaa Kuu, mliona yaliyotokea Kibera. Watu walikwenda kupokea unga na mafuta kwenye ofisi za serikali, wakasukumana, wakakanyagana, na polisi wakarusha vitoa machozi. Leo tena nasoma mtandaoni kwamba hao ndio wale wasiojua kukaa mbali na wenzao. Naandika hili taratibu kwa sababu nimekasirika. Mtu ambaye watoto wake walilala njaa juzi, akasikia kwamba kuna unga langoni lakini hajui kama utatosha, wala jina lake halimo katika orodha yoyote, atakwenda mbele. Ningekwenda mimi. Kinachowafanya watu wapange foleni ni kujua kwamba fungu la wa mwisho lipo. Mtu akishajua hivyo anaweza kusimama hata mita kumi kutoka kwa mwenzake.

Nasema hivyo kwa kuwa tumeona katika jengo letu. Wiki hii duka la jirani lilitupatia magunia mawili ya unga kwa mkopo, na wachache walio nje ya mtaa wakatuchangia. Binti yangu aliandika milango yote 46 kwenye daftari la hesabu, idadi ya watu katika kila mlango, na nani ana mtoto mchanga au mzee. Tulipima kwa kopo la gorogoro, tukapeleka mlango kwa mlango. Hakuna aliyeshuka ngazi. Mlango wa 9 ulirudisha nusu ya fungu lake, wakasema wao bado wanacho.

Mkazi wa South B, Jumapili, 12 Aprili 2020

Fundi, nilikuwa mmoja wa walioandika vibaya kuhusu Kibera juzi, kwenye ukurasa mwingine. Nimeifuta. Bado nashikilia kwamba wapo wanaopuuza. Hapa kwetu kuna baa ambayo inafungwa kwa mbele na kunywewa kwa nyuma, na wanaoingia ni watu wenye magari. Kwa hiyo sitasema tena "wa mitaa." Nina matangi mawili ya maji ambayo hayajai hata mara moja bila kufurika. Siwezi kukuletea maji, lakini niambie sabuni ya kipande mnatumia ngapi kwa juma.

Fundi wa Huruma, Jumapili, 19 Aprili 2020

Asante, ndugu yangu. Ule mzigo wa sabuni uliotumwa kwa boda boda umefika Alhamisi, miche 24. Tunakata kila mche vipande vinne, na kipande kimoja kwenye kibuyu hudumu siku mbili hadi tatu.

Barakoa sasa ni sheria. Asiyevaa hadharani anaweza kutozwa hadi shilingi 20,000 au kufungwa miezi sita. Nauza kwa shilingi 50, na kwa jirani asiye na fedha namshonea kwa kitambaa anacholeta, hata shuka ya zamani ya pamba. Tatizo limekuwa lastiki. Mwezi jana bunda zima lilikuwa rahisi, sasa wauzaji hupima kwa mita kama dhahabu, kwa hiyo nimerudi kwenye kamba za kufunga kisogoni, ambazo dada muuguzi anasema hubana vizuri zaidi. Ile ya kujaribu nimeikomesha. Nimening'iniza moja ya mfano juu ya kioo, na anayetaka namkadiria kwa macho. Yale mazambarau nimeyakunja na kuyaweka juu ya kabati. Shule zitafunguliwa siku moja.

Jambo lililobaki ni maji ya usiku. Mfereji ukifunguka saa nane usiku, ni marufuku kuwa nje, na tangi la kuuzia liko ng'ambo ya barabara. Juzi kijana wa ghorofa ya pili alivuka na mitungi miwili saa kumi alfajiri, akapigwa, na mitungi ikapasuliwa. Tulimwendea mzee wa nyumba kumi, naye akatupeleka kwa chifu. Hatukupata ruhusa ya kuvuka. Tulichokubaliana ni kwamba mfereji wa ndani ya lango letu ukitoa maji, tunaweza kuteka ndani ya lango bila kusumbuliwa, na kwamba sisi wenyewe tutawagawia majengo mawili ya upande wetu ambayo hayana mfereji, kwa kupitisha mpira juu ya ukuta. Mpira tumeununua kwa mchango, mita 30. Usiku wa kuamkia jana ulifanya kazi. Watu wawili chini, mmoja ukutani, mitungi imepangwa tangu jioni kwa namba za milango, na wenyewe wamelala vyumbani mwao.

Mama wa Kawangware, umeniuliza kwa ujumbe namna ya kuanza. Anza na daftari. Andika milango, si majina, watu huogopa majina siku hizi kwa sababu ya habari za karantini. Usingoje mwenye cheo. Tafuteni dumu moja la lita 5, kijiti, kamba na soksi. Nitakutumia picha ya jinsi ya kufunga fundo la mguuni, maana ndilo linalowashinda wengi. Kwetu kesho zamu ya kujaza ni ya ghorofa ya tatu, yaani ni yangu, na mfereji haujatoa kitu tangu jana mchana, kwa hiyo nitashuka saa kumi na moja alfajiri, kafyu ikiisha tu, nikanunue mtungi wa kwanza.